Isabel: Jina Lililobeba Kiapo cha Mungu

Masomo: Luka 1:5-25 na 57-80, Waebrania 6:13-20

 

Leo nataka tulichukue jina moja la mwanamke, tuifuate safari yake tangu lilipoanza, kisha tujiulize Mungu anatuambia nini kwa jina hilo. Jina lenyewe ni Isabel. Ni jina la Kireno. Huko Ureno utalisikia mjini na kijijini. Utalisikia Brazili, na Angola, na Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma. Hapa Kenya wengine tumelisikia kwa ndugu zetu Wagoa, ambao wazee wao walitoka Goa, nchi ya Bara Hindi iliyotawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961.

Labda yuko mama anayesikiliza na kusema moyoni, "Jina la Kireno lanihusu nini mimi?" Mama, ngoja kidogo. Ikiwa ulibatizwa Elizabeth, au Elisabeti, au ikiwa majirani wakuita Betty, basi Isabel ni jina lako wewe. Ni jina lile lile lililovaa nguo ya nchi nyingine.

Watu wa pwani wanajua jinsi maneno yanavyobadilika yanapohama kinywa hata kinywa. Meza yatoka kwa Wareno, na bendera, na leso, na mvinyo. Hata neno gereza, wenye kuchunguza lugha watuambia lilitoka katika neno igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa. Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, na ndani ya ngome wakaweka kanisa lao. Ngome ilitekwa mwaka 1698. Kanisa likaanguka, neno likabaki, na maana yake ikageuka. Halafu Waingereza wakaifanya ngome hiyo jela, tangu mwaka 1895 hadi 1958. Basi neno lililotaja nyumba ya kuabudu likawa neno la nyumba ya kufungia watu. Likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Chanzo cha jina

Jina Isabel halikuanzia Ureno. Lilianzia kwa Waebrania. Tukifungua Kutoka 6:23 twasoma kwamba Haruni, kuhani mkuu wa kwanza, alimwoa Elisheba binti Aminadabu. Jina Elisheba ni maneno mawili yaliyofungwa pamoja. El ni Mungu. Neno la pili ni la kiapo. Yaweke pamoja nawe utapata: Mungu wangu ni kiapo. Yaani, Mungu ndiye ninayemtegemea kama mtu ategemeavyo neno lililoapiwa.

Tena katika Kiebrania neno la kiapo na hesabu ya saba hutoka katika mzizi mmoja. Nasi twatamka saba kila siku, tukihesabu mayai sokoni au siku za juma. Neno hilo tulilipokea kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu, kwa hiyo saba yetu na sheba ya Waebrania ni za ukoo mmoja. Katika Mwanzo 21 Ibrahimu alipopatana na Abimeleki juu ya kisima, alitenga wanakondoo wa kike saba kuwa ushahidi, wakaapiana, na mahali pale pakaitwa Beer-sheba. Kisima cha saba, kisima cha kiapo: yote mawili yamo katika jina moja.

Yuko mama mwingine katika Agano la Kale mwenye jina la ukoo huu. Ni Yehosheba, katika 2 Wafalme 11. Malkia Athalia alipoinuka kuangamiza uzao wote wa kifalme, Yehosheba alimwiba mtoto mchanga Yoashi, mwana wa ndugu yake, akamficha pamoja na mlezi wake. Mungu alikuwa amemwapia Daudi kwamba uzao wake hautakoma. Siku ile kiapo hicho kilibaki kikining'inia kwa mtoto mmoja anyonyaye, naye alifichwa na shangazi ambaye jina lake lilikuwa Bwana ni kiapo.

Sasa tuendelee na safari. Maandiko yalipotafsiriwa kwa Kiyunani, Elisheba akaandikwa Elisabet. Walatini nao wakaandika Elisabeth. Lakini watu wa kusini mwa Ufaransa, na wa Hispania na Ureno, hawakuzoea kumaliza neno kwa sauti ya namna ile. Mwisho wa neno ukageuka kuwa l. Na ile El ya mwanzo, yaelekea watu waliisikia kama kiambishi tu cha lugha yao, wakaiacha idondoke. Hivyo Elisabeth akawa Isabel.

Ndugu zangu, angalieni ni silabi gani iliyodondoka. Ni El, ndiyo iliyomtaja Mungu. Sisemi kwamba Wareno walikusudia hivyo. Lugha huenda kama maji ya mto, hakuna anayeziamrisha. Lakini mhubiri hawezi kupita hapo bila kusimama. Laweza jina la kiapo kubaki midomoni mwa watu, naye Mungu wa kiapo akawa amedondoka njiani.

Nyumba ya Zakaria

Turudi kwa Elisabeti tunayemfahamu sote, mke wa Zakaria. Luka asema alikuwa wa uzao wa Haruni. Kwa hiyo aliitwa jina la bibi wa ukoo wake, mke wa Haruni mwenyewe, kama sisi tunavyowapa wajukuu majina ya bibi zao. Alikuwa mwenye haki, naye alikuwa tasa, na umri umempita. Kina mama mnajua mzigo huo. Kila mara alipoitwa kisimani, aliitwa Mungu wangu ni kiapo, na nyumba yake ilikuwa haina mtoto. Jina lilisema ahadi, na maisha yalisema hapana.

Sasa tazameni majina ya nyumba ile. Zakaria maana yake ni Bwana amekumbuka. Elisabeti ni Mungu wangu ni kiapo. Na mtoto, ambaye jamaa walitaka aitwe Zakaria kama baba yake, akaitwa Yohana kwa agizo la malaika, maana yake Bwana ni mwenye neema. Kisha fungueni Luka 1:72 na 73, katika wimbo wa Zakaria, ule ambao sisi Waanglikana huusoma katika Sala ya Asubuhi. Ulimi wa mzee umefunguliwa baada ya miezi mingi ya ububu, naye asema nini? Asema kwamba Mungu amewatendea rehema baba zetu, amelikumbuka agano lake takatifu, na kile kiapo alichomwapia Ibrahimu. Rehema, ukumbusho, kiapo. Ni kama anawaita watu wa nyumbani mwake mmoja mmoja: Yohana, Zakaria, Elisabeti. Yale aliyokuwa akiyatamka kila siku mezani bila kuyafikiri, sasa ameyaona kwa macho.

Hapo ndipo maana ya jina hili inapokamilika. Elisabeti hakuapa. Aliyeapa ni Mungu. Kiapo hakikushikwa na nguvu za yule mama, kwa maana nguvu hakuwa nazo. Kilishikwa na uaminifu wa Mungu. Na mwandishi wa Waebrania aeleza jambo lile lile katika sura ya 6. Wanadamu huapa kwa mkubwa kuliko wao. Lakini Mungu alipompa Ibrahimu ahadi, hakuwa na mkubwa wa kumtaja, basi akaapa kwa nafsi yake, ili sisi tuliokimbilia kwake tupate nanga ya roho.

Isabel aliyesimama katikati ya majeshi

Katika historia ya Wareno wako wanawake wengi wakubwa walioitwa Isabel. Nimewachagua watatu. Jina lao ni moja. Mtaona jinsi walivyolibeba.

Wa kwanza alizaliwa katika nyumba ya wafalme wa Aragon, upande wa mashariki wa Hispania, karibu na mwaka 1271. Aliitwa jina la ndugu wa bibi yake, Elizabeth wa Hungaria, mwanamke aliyejitoa kuwahudumia wagonjwa na maskini na kufa kijana mwaka 1231. Mwaka 1282, akiwa msichana wa miaka kama 11, Isabel aliozwa kwa Dinis, mfalme wa Ureno.

Dinis alikuwa mtawala hodari, lakini katika ndoa hakuwa mwaminifu. Alizaa watoto nje ya ndoa, na Isabel akasaidia kuwalea. Mmoja wa watoto hao, Afonso Sanches, alipendwa sana na baba yake. Mrithi wa kiti, mwana wa Isabel, aliyeitwa Afonso vile vile, akaogopa kwamba atanyang'anywa ufalme. Hivyo tangu mwaka 1319 baba na mwana wakapigana, na nchi ikagawanyika. Mfalme alimshuku mkewe kwamba anamsaidia mwana, akampeleka mji wa Alenquer akae huko mbali naye.

Mwaka 1323 majeshi ya baba na ya mwana yalikabiliana Alvalade, mahali ambapo siku hizi ni ndani ya jiji la Lisbon. Yasimuliwa kwamba Isabel alipanda nyumbu, akaingia kati ya majeshi mawili, mume wake upande huu na mwanawe upande huu, na vita havikupiganwa. Amani ilifanywa mwaka uliofuata. Dinis akafa mwaka 1325, na Isabel akaenda kuishi Coimbra karibu na nyumba ya watawa aliyokuwa ameijenga upya, akiwatunza wagonjwa na maskini. Mwaka 1336, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alisikia kwamba mwanawe, sasa mfalme Afonso wa Nne, anapigana na mfalme wa Castile, ambaye ni mjukuu wake Isabel mwenyewe. Akaondoka tena kwenda kupatanisha katika joto la Julai. Alifika Estremoz, akaugua, akafa huko.

Kanisa la Roma lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1625. Wareno husimulia kwamba siku moja alikuwa amebeba chakula cha maskini katika nguo yake, mume wake akamwuliza amebeba nini, naye akasema ni maua ya waridi, na nguo ilipofunguliwa yalikuwa maua kweli. Habari hiyo hiyo husimuliwa juu ya yule Elizabeth wa Hungaria. Sisi hatuwaombi watakatifu waliolala, wala hatulazimiki kuisadiki habari ya maua. Maskini hali waridi. Mimi naona muujiza mkubwa zaidi katika mikate iliyobaki kuwa mikate mpaka ikafika kwa wenye njaa. Lakini mama yule juu ya nyumbu, kati ya mume na mwana, tusimpite haraka. Alikuwa na sababu nyingi za kuchagua upande. Akachagua kusimama katikati.

Isabel aliyetaka nchi isafishwe

Wa pili ni Isabel mwingine wa nyumba ya Aragon na Castile, aliyezaliwa mwaka 1470. Wazazi wake, Isabel wa Castile na Fernando wa Aragon, waliwafukuza Wayahudi wote wasiotaka kubatizwa katika nchi yao mwaka 1492. Maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Ureno, wakilipa fedha ili waruhusiwe kukaa. Mmoja wao alikuwa Abraham Zacuto, mtaalamu wa elimu ya nyota. Majedwali yake ya jua na nyota yalichapwa Leiria mwaka 1496, na manahodha wa Kireno wakayatumia kujua mahali walipo katikati ya bahari.

Isabel huyu alikuwa amekwisha olewa mara moja na mrithi wa Ureno, lakini mume wake alianguka kutoka kwa farasi mwaka 1491 akafa. Mjane kijana akajitia katika kufunga na kuomba, asitake kuolewa tena. Kisha mfalme mpya wa Ureno, Manuel, akamposa. Wazazi wake na yeye mwenyewe wakaweka sharti: Ureno isafishwe, Wayahudi waondolewe kwanza, ndipo bibi arusi aje. Mfalme akakubali. Desemba 1496 amri ikatangazwa.

Lakini Manuel hakupenda kupoteza watu wenye kazi na maarifa. Akafanya jambo baya kuliko kufukuza. Kabla ya Pasaka ya mwaka 1497 watoto wa Kiyahudi walinyakuliwa mikononi mwa wazazi wao wakabatizwa kwa nguvu. Halafu watu wazima waliokusanyika Lisbon wakingoja meli walibatizwa kwa kulazimishwa, maji yakimiminwa juu ya watu waliokuwa wakilia. Zacuto alifaulu kutoroka, akafika Tunis. Mwaka ule ule wa 1497 Isabel akaingia Ureno kuwa malkia.

Na mwaka ule ule, tarehe 8 Julai, Vasco da Gama alitweka matanga kutoka Lisbon. Aprili 1498 alifika Mombasa, kisha Malindi, ambako nguzo yenye msalaba wa Kireno iko mpaka leo. Ndugu zangu wa Malindi, mnapoitazama nguzo ile, kumbukeni kwamba meli zilizoleta msalaba ule ziliongozwa kwa hesabu za Myahudi, wakati watoto wa Wayahudi walikuwa wametoka kutiwa maji kwa nguvu.

Malkia Isabel alikufa Zaragoza mwezi Agosti 1498 akijifungua mtoto wa kiume, na mtoto naye akafa mwaka 1500. Msinisikie nikisema kwamba Mungu alimwadhibu. Wanawake wengi wema wamekufa katika uzazi, na Bwana alitukataza kuhesabu dhambi za watu kwa misiba yao. Ninalolisema ni hili. Malkia huyu aliitwa kwa jina la Kiebrania. Lilikuwa jina la mke wa Haruni. Lilitaja kiapo, na kiapo hicho Mungu alimwapia Ibrahimu, awe baraka kwake na kwa uzao wake. Naye akakataa kukanyaga nchi ambayo uzao wa Ibrahimu unakaa. Aliomba, alifunga, alimpenda Mungu kwa kadiri alivyomjua. Lakini kile kilichokuwa kimeandikwa ndani ya jina lake mwenyewe hakukisoma.

Na matunda yake hayakuwa ya siku moja. Mwaka 1506, wakati wa Pasaka, umati wa watu Lisbon uliwaua hao Wakristo wapya kwa maelfu. Mwaka 1536 likaanzishwa baraza la kuchunguza imani, nalo likawatesa wajukuu wao kwa vizazi vingi. Ilipita karibu miaka 500 kabla rais wa Ureno, Mário Soares, kusimama Castelo de Vide mwaka 1989 na kuwaomba Wayahudi msamaha kwa niaba ya taifa.

Isabel aliyetia sahihi

Wa tatu alizaliwa Brazili mwaka 1846, mwaka ule ule Krapf na Rebmann walipoanzisha kituo cha misheni pale Rabai. Baba yake alikuwa mfalme Pedro wa Pili, na Isabel ndiye aliyekuwa mrithi. Brazili ilikuwa imepokea watumwa kutoka Afrika zaidi ya milioni 4 katika muda wa miaka 300 na zaidi. Wengi walitoka Angola na nchi za magharibi, lakini wengine walitolewa Msumbiji, pwani hii hii ya mashariki.

Baba yake aliposafiri, Isabel alitawala kwa niaba yake. Mwaka 1871 alitia sahihi sheria kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa tangu siku ile asiwe mtumwa. Na tarehe 13 Mei 1888 alitia sahihi sheria ya vifungu viwili vifupi tu: utumwa Brazili umekwisha, na kila amri iliyo kinyume imefutwa. Brazili ilikuwa nchi ya mwisho katika bara lote la Amerika kufanya hivyo.

Tusimpe Isabel sifa zisizo zake. Watumwa wenyewe walikuwa wamekwisha anza kuyaacha mashamba kwa makundi. Watu weusi kama Luís Gama, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto kisha akawatetea mamia ya watumwa mahakamani, na José do Patrocínio, mwandishi wa magazeti, walipiga kelele miaka mingi. Tena sheria ile iliwapa watu uhuru bila shamba, bila shule, bila senti. Hata hivyo, kalamu ilikuwa mkononi mwake, na wenye mashamba makubwa walikuwa nguzo ya kiti chake. Alitia sahihi. Mwaka uliofuata, Novemba 1889, ufalme ukapinduliwa, na hasira ya wenye mashamba ikiwa mojawapo ya sababu. Isabel akaenda uhamishoni Ufaransa, akafa huko mwaka 1921 bila kuiona Brazili tena.

Nasi wa upande huu tusijivune. Kanisa letu lilianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliookolewa baharini, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907, miaka 19 baada ya Brazili.

Wewe umebeba nini?

Basi, wapendwa, tumewaona Isabel watatu. Kwa wa kwanza, jina la kiapo lilikuwa amani. Kwa wa pili, likawa sharti la kuwafukuza majirani. Kwa wa tatu, likawa sahihi iliyomgharimu kiti. Jina halikumlazimisha hata mmoja. Maji ya ubatizo hayamfanyi mtu kuwa mtumwa wa jina lake. Yamwita tu, naye huitika au hunyamaza.

Hapa Kenya neno kiapo ni zito. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na tena mwaka 1969, watu wengi walilishwa viapo usiku. Sikukusudia leo kuyahukumu mambo yote ya nyakati zile, kwa maana kilio cha ardhi na uhuru kilikuwa kilio cha kweli. Lakini nawakumbuka wale Wakristo waliosema, "Sisi tumekwisha kunywa kikombe cha Bwana, hatuwezi kunywa kingine," na wengine wao wakauawa. Hao walijua ni nani aliyewaapia kwanza.

Nakumbuka na siku nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi hii, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia ndani, wengi wao kina mama na watoto. Nyumba ya kuabudu ikafanywa mahali pa kufa. Nauliza kwa uchungu: waliofukuza na waliofukuzwa mwaka ule, je, hawakuwa na majina ya ubatizo pande zote mbili? Pande zote walikuwako akina Elizabeth, na Yohana, na Zakaria. Tulisema tunataka mahali petu pasafishwe, pabaki watu wetu tu. Hilo ndilo sharti la yule malkia wa mwaka 1497, nasi tulilitamka kwa lugha zetu wenyewe. El akadondoka, majina yakabaki. Igreja ikawa gereza.

Nanyi wazazi na wadhamini mnaoleta mtoto kwenye maji, msichague jina kwa sababu ya utamu wake tu. Jueni maana yake, kisha mwambieni mtoto akikua. Mwambieni Elizabeth wenu kwamba jina lake ni la mke wa Haruni na la mama wa Yohana, na kwamba lasema Mungu ameapa wala hataghairi. Mwambieni pia kwamba kiapo hicho hakikufanywa kwa ajili ya kabila moja, kwa maana Ibrahimu aliahidiwa kwamba katika yeye jamaa zote za dunia watabarikiwa.

Na wewe mama uliye kama Elisabeti, unayeitwa kwa jina la ahadi huku nyumba ikiwa kimya, au mwana hajarudi, au mume amegeuka, neno langu kwako ni fupi. Hukuapa wewe. Mungu ndiye aliyeapa. Aliapa kwa nafsi yake, na katika Kristo amekitimiza kiapo chake kwa damu. Huwezi kukiangusha kwa udhaifu wako. Kishike tu, kama mtu ashikavyo kamba ya nanga katika mawimbi, na ukipewa nafasi ya kusimama katikati ya watu wanaogombana, panda nyumbu wako, mama, uende.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wa Ibrahimu, uliyeapa kwa nafsi yako kwa kuwa hakuna mkubwa kuliko wewe, twakushukuru kwa majina tuliyopewa siku ya ubatizo wetu. Utusamehe pale tulipoyabeba majina yako na kuwafukuza watu wako. Uwakumbuke waliopoteza nyumba na jamaa zao. Uwafundishe watoto wetu maana ya majina yao, na kutufanya sisi kuwa watu wa amani katika nyumba zetu, vijiji vyetu na nchi yetu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.